Drocella Akataa Kuuza Mashine

Drocella aliporudi kutoka Kigoma mwaka 1996, alifungua kibanda cha kupiga chapa karibu na soko la Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Wafanyabiashara waliovuka kila siku kwenda Goma walimletea barua zao. Alikuwa na taipureta, na kompyuta kuukuu aliyoachiwa na shirika lililofunga ofisi. Ndani ya kompyuta ile aliweka mwenyewe Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye sidii za binamu yake wa Nairobi.

Machi 1999 binamu akamtumia sidii nyingine, yenye kerneli mpya, 2.2. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo wote, nayo ilikuja ikiwa maandishi matupu. Kazi ya kuyageuza yawe programu ilikuwa ya mashine yenyewe. Hakuna aliyemwomba Drocella kufanya hivyo. Alitaka tu.

Asubuhi akaianzisha kazi, akarudi kwenye taipureta. Kabla ya adhuhuri ikakatika, kioo kikaandika: hitilafu, ishara ya 11. Kesho yake akaanza upya. Ikakatika tena.

Wenceslas, fundi wa redio na kompyuta wa duka la pili, akaja kutazama.

"Mama, hii kitu ni ya watu ya université," alisema. "Uniuzie mashini, mi nitoe vipande vya kutengeneza zingine."

"Siuzi."

"Programu yenyewe iko mubaya. Donc utafanya nini?"

"Ingekuwa mbovu, ingekatika palepale kila mara. Jana imekatikia kwenye maandishi ya diski, leo kwenye ya kibodi. Ubovu uko ndani ya mashine."

Wenceslas akacheka, na wateja wawili wakacheka naye. Drocella akazima kompyuta, akafungua kifuniko mbele yao. Kulikuwa na vibao viwili vya kumbukumbu. Akachomoa kimoja, akajaribu: ikakatika. Akabadilisha, akakiacha kile kingine peke yake.

Safari hii kazi iliendelea kwa muda wa saa saba bila kukatika, ikamalizika. Lakini alipoiwasha kerneli mpya, ikagoma: haikuweza kusoma diski.

"Nilikuambia," alisema Wenceslas, aliyekuwa amerudi kutazama.

Drocella akawasha kwa kerneli ya zamani, ambayo hakuwa ameifuta, akapitia moja moja sehemu alizokuwa amechagua ziingie kwenye ile mpya. Sehemu ya kusomea diski alikuwa ameisahau. Akairudisha, akaanza tena, siku nyingine nzima.

Alasiri ya siku ya tano kerneli mpya iliwaka. Alikwenda mwenyewe kumwita Wenceslas dukani kwake.

Fundi alisoma kioo kwa muda mrefu. "Bon. Sasa inakusaidia nini?"

"Hukuniuliza hivyo ulipotaka kuinunua."

Wenceslas akakiokota kile kibao kibovu, akakigeuzageuza. Dukani kwake alikuwa na kompyuta mbili za watu alizokwisha kusema zimekufa. Akauliza, kwa sauti ya chini, namna ya kuzijaribu.

Drocella alimwonyesha. Lakini kwanza alimwambia aketi kwenye benchi la wateja, angoje amalize barua ya mtu.