Kipande cha Katikati

Obrad Tešanović alikuwa amebakiza siku kumi na mbili tu. Siku mia tatu hamsini na tatu alikuwa amekwisha kuzimaliza katika nyumba ile ya wanaume kumi na wanane, juu mlimani, iliyokuwa zamani ghala la chama cha ushirika, na katika muda wote huo hakikupita kooni mwake kitu chenye kilevi. Hata siki. Usicheke, siki kweli ilipigwa marufuku pale, pamoja na manukato na dawa ya kikohozi. Sheria yenyewe ilikuwa moja: ukionja, hufukuzwi wala hutukanwi, unarudi siku ya kwanza. Mwaka unaanza upya, na kwa siku arobaini unapewa mwenzako wa kukufuata kila uendako, mpaka mlangoni mwa choo. Wenyewe walimwita kivuli.

Obrad alikuwa fundi wa mapaa mjini Kraljevo, fundi hodari, mpaka pombe ya plamu ilipomshusha kutoka juu ya paa la watu. Kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kumshusha kutoka kwenye ndoa yake. Nyumba ile aliingia mara mbili akatoroka mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amemwahidi binti yake kwamba atamaliza. Safari hii binti, Teodora, miaka kumi na sita, aliandika mistari miwili tu: tarehe thelathini na moja, saa nane mchana, atakuwa stendi ya basi. Baba asipotokea, asimwandikie tena. Obrad aliisoma barua ile mpaka ikakatika kwenye mikunjo.

Sasa Jumapili ya kutembelewa ikaangukia tarehe kumi na tisa Desemba, Mtakatifu Nikola, na Nikola ndiye slava ya akina Tešanović, mtakatifu wa ukoo ambaye mwana humrithi kwa baba pamoja na jina. Mama yake, Bi Desanka, miaka sabini na saba, akapanda mabasi mawili na kifurushi mapajani. Akaketi mezani, akafungua kitambaa kilichotariziwa, na Obrad akasikia harufu ya mkate wa slava kabla hajauona. Mate yakamjaa.

"Padri ameukata asubuhi hii," mama akasema. "Baba yako yuko udongoni. Mwanamume wa nyumba ni wewe. Kula."

"Mama, umemwagiwa divai huu."

"Ndiyo, umemwagiwa divai. Ulitaka padri amwage chai?"

"Hapa haturuhusiwi."

"Hawaruhusu pombe. Hii si pombe, mwanangu, hii ni baraka. Pombe ni ile ya mjomba wako, aliyekuwa akilala na mbuzi."

Mimi nimeishi na watu hawa muda wa kutosha kujua kwamba mwana anayeukataa mkate wa slava mkononi mwa mama yake ni afadhali amtemee mate. Obrad akakata kipande cha pembeni, kikavu, akakila. Hakuna kilichotokea. Hapo ndipo alipopaswa kunyanyuka. Mama aliinamia mkoba kutafuta miwani yake, na Obrad akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Nipe kingine, mama. Cha pale katikati."

Katikati ndiko hukutana mikato ya msalaba anayoikata padri, na divai yote hukimbilia huko. Kipande kilikuwa chekundu mpaka chini. Alikiweka ulimini hakukitafuna, alikifyonza, na mama akamtazama kwa furaha. "Ona," akasema, "umerudi kuwa mtu."

Usiku ule hakulala. Jumatatu, baada ya uji, wakaketi duara kama kila asubuhi, na Obrad akasema mwenyewe, kabla hajaulizwa, kwamba jana alionja mkate wa slava, kwa ajili ya mama. Alisema ukweli, lakini ukweli nusu, na nusu ile aliichagua kwa makini. Ujanja wa mlevi hausahauliki upesi.

Weee, ukazuka ubishi. Siniša, aliyekuwa daktari wa meno na aliyependa kusikia sauti yake, akasimama. "Jamani, tusijifanye Waturuki wasiojua slava. Nani hapa hana slava? Utamwambia Mtakatifu Nikola arudi siku ya kwanza?"

"Divai ni divai," mmoja akasema.

"Basi nenda kamkamate padri."

Wakacheka, wakapiga kura ya kumsamehe. Mikono kumi na sita ikapanda. Bwana Gvozden, mkuu wa nyumba, ambaye mwenyewe hakuwa ameonja kitu kwa miaka kumi na tisa, hakuinua wake mara moja.

"Obrad, ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Naye akainua. Wakampigia makofi, Siniša akamkumbatia hadi mbavu zikauma, na Obrad akatabasamu kama mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku na kuambiwa yu huru. Njia ilikuwa wazi sasa. Siku kumi na moja, basi, stendi, mtoto. Na kila hatua ya njia hiyo angeipita na kipande kile ulimini. Aliwahi kutoka na siri mara mbili, alijua zinakoishia: siri inataka kitu cha kuisukumia chini.

Walikwenda kupasua kuni. Siniša alipiga soga peke yake. "Ukimkuta binti usilie, utamwaibisha mbele za watu. Mnunulie burek ya nyama, kaeni mle." Obrad akaweka shoka chini taratibu, akarudi ndani. Bwana Gvozden alikuwa akimenya viazi.

"Kulikuwa na kipande cha pili."

Gvozden hakuacha kumenya. "Alikulazimisha mama?"

"Niliomba mwenyewe. Cha katikati."

Hapo kisu kikasimama. "Ungenyamaza ungekuwa nyumbani mwaka mpya."

"Najua."

"Siwezi kukusaidia, kaka. Ningependa, lakini siwezi."

Siniša ndiye aliyepewa kuwa kivuli, naye alikasirika kana kwamba mwaka umeongezwa kwake. "Mpumbavu wewe," akamwambia mlangoni mwa ofisi. "Siku kumi na moja tu. Nani angejua?" Lakini akamfuata hadi kwenye simu, akasimama nyuma yake kama sheria inavyotaka.

Teodora alipokea, na Obrad akamweleza yote, vipande vyote viwili, bila kumtaja bibi kwa lawama. Akasema hatakuja tarehe thelathini na moja. Akasema mwaka mzima.

"Kuna aliyekuona?" Teodora akauliza.

"Bibi yako tu, na yeye hakuona ubaya."

"Na walikuwa wameshakusamehe."

"Walikuwa wameshapiga kura."

Alisikia binti analia, na hakujua ni kilio cha namna gani. Alizoea kumsikia akilia kwa sababu ya uongo wake, hiki hakukijua.

"Tukiwa nyumbani ulikuwa unasema glasi moja," Teodora akasema. "Hata siku ile uliyolala kwenye theluji. Glasi moja. Siku zote moja."

Obrad akaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Stendi sitakwenda basi."

"Hapana, mwanangu. Usiende." "Na barua? Nisiandike tena?"

Akangoja. Nyuma yake Siniša alikuwa ameacha kuhema.

"Andika," binti akasema. "Lakini uandike hivi hivi ulivyosema leo."

Obrad akairudisha simu mahali pake kwa mikono miwili. Ilikuwa siku ya kwanza, na hata chakula cha mchana kilikuwa bado.