Ugoro Niliowapulizia Kondoo Kabla ya Kutolewa Damu

Hapa Myanga kuna watu ambao hadi leo wakiniona sokoni wanapiga chafya makusudi, na siwezi kuwalaumu.

Tangu wazazi wetu watuache, mimi ndiye ninayelea wadogo zangu, na kondoo wa marehemu mama ndio karo yetu. Wekesa, anayenifuata, alikuwa ameitwa chuo, kwa hivyo nikatafuta mnunuzi, Mama Njeri wa Kitale, naye akakubali kuwachukua wote mradi daktari wa mifugo awapime damu kwanza, maana kuna nzi anayeacha funza puani mwa kondoo, na funza hao walishamharibia kundi zima.

Sasa mimi (niliyeacha shule darasa la saba nikajipa udaktari) nikawaza, kama funza wako puani, si nisafishe pua tu? Asubuhi hiyo nikachukua ugoro wa tumbaku ya Malakisi, nikampulizia kila mmoja, wakapiga chafya hadi nikaona kazi imekwisha, nikawafuta kamasi kwa leso yangu ya kanisani na kuwapaka mafuta wang'ae.

Daktari akafika na Mama Njeri, na majirani wakajaa uani kama kuna matanga.

"Hawa wako safi," nikasema. "Angalia mwenyewe, mama."

Mama Njeri akainama. Kondoo dume akavuta pumzi, akatulia, kisha akapiga chafya ya kutoka moyoni, na funza mnene akatua kwenye blauzi yake nyeupe, akaanza kutembea.

"Uuwi! Nitolee hii kitu!"

Nikakimbilia kumpangusa kwa leso (ndiyo, ile ile ya kamasi).

"Ati safi!" jirani yetu mzee Simiyu akapiga kelele. "Bana, si huyo amejileta kwa daktari mwenyewe!"

Daktari alijikaza asicheke. "Dada, hata ungewatoa funza wote, damu ingesema. Mwili ukipigana nao, alama hubaki kwenye damu, hata kwa kondoo asiye na kamasi."

Akawatoa damu shingoni, ikapelekwa maabara Kitale. Majibu yakarudi: karibu wote walikuwa nao, hata wale niliokuwa nimeapa kuwa ni wazima. Tukawapa dawa, tukangoja, na Mama Njeri akaja kuwachukua akiwa amevaa koti la mvua juani.

Nimebaki na jike mmoja niliyemwomba Mama Njeri aniachie, na nimeapa kwamba daktari akija tena atamkuta na kamasi zake zote. Wekesa aliingia chuo wenzake wakiwa wameshaanza masomo, na walipomuuliza sababu akawaambia dada yake alishikwa na mafua makali. Nimeacha iwe hivyo.