Masale kwenye Viti vya Wapiga Tarumbeta

Kila Desemba mji wa Moshi uliugua muziki. Ugonjwa ulianza shule zikishafungwa, mabasi ya Dar yalipoanza kuwamwaga watu wa kwetu stendi, wamevaa miwani ya jua na jua lenyewe halijachomoza, wanaongea kana kwamba hawajawahi kusikia Kichagga maishani mwao. Mwaka mzima walikuwa wametuachia migomba na wazee, na sasa walirudi kutufundisha starehe.

Hii ilikuwa miaka ya tisini, mipaka ilipofunguliwa na kila kitu kikaingia, kizuri na takataka. Jumamosi mchana kulikuwa na bendi ya jazz kwenye bustani ya hoteli. Jumapili kwaya zilishindana kwa nyimbo za kale za Kizungu, sauti nne, zikiongozwa na walimu waliotikisa mikono kama wanaofukuza nyuki. Katikati ya wiki madaktari na walimu wa Kizungu walipiga violini kwenye ukumbi wa kanisa, na wasikilizaji wasiojua kama wimbo umekwisha au umepumzika walipiga makofi kila upinde ulipoinuliwa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba Njoro, na sikukosa hata onyesho moja. Muziki wenyewe niliupenda sana. Mpuliza saksafoni wa bustanini alinifanya nisahau madaftari ya wanafunzi na viatu vilivyonibana. Walionishinda ni wasikilizaji. Bia za kopo kutoka nje zilikuwa ndiyo zimeanza kuuzwa, na wanaume walipanga makopo matupu mezani, mhudumu akija kuyaondoa wanamzuia, ili wapita njia waone. Mmoja alikuja na simu ya mkononi akaiweka katikati ya meza. Mtandao ulikuwa haujafika Moshi, na kila mtu alilijua hilo, hata yeye. Lakini bendi ilipopiga kitu cha polepole, aliichukua ile simu akaitazama kwa huzuni, kana kwamba kuna mtu anachelewa kumpigia.

Mkubwa wao wote alikuwa baba yangu mdogo.

Baba mdogo aliondoka kwetu Old Moshi akiwa kijana wa kubeba mikungu ya ndizi, akarudi akiwa muuza magari yaliyotumika. Alijenga nyumba ya vigae kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, hatua chache kutoka nyumba ya zamani walimoishi baba na bibi, na mwaka mzima nyumba hiyo ilikaliwa na mlinzi na mbwa. Alipenda kuwa mkubwa wa sherehe. Akiona maiki, mkono wake ulikwenda wenyewe.

Maiki hiyo ndiyo iliyotuharibia ukoo. Babu alipofariki, kikundi cha matarumbeta cha usharika kilisimama kaburini, palepale kihambani, kama kilivyosimama kwenye makaburi ya wazee wote wa pale. Baba ndiye aliyekuwa kiongozi wake, na alipiga tromboni. Walikuwa katikati ya wimbo wa kuteremshia jeneza wakati baba mdogo, aliyekodi spika kubwa kutoka mjini, alipoona wazee wanachelewa kumaliza. Akaashiria kwa maiki aliyoishika. Kanda ya kwaya ya Dar ikalipuka kwenye spika, ikawameza. Baba aliteremsha tromboni yake taratibu, akaifuta mdomo, akaiweka kwenye mfuko wake. Tangu siku hiyo hakumsalimia mdogo wake, wala hakupokea salamu yake.

Watu wa mbali watadhani ni jambo dogo. Kwetu aliyekosa hupeleka sale. Ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini, na jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, hawezi kulikataa. Hata aliyeuliwa mtoto hulipokea, akakaa chini kuzungumza. Baba alikuwa anangoja jani moja tu. Masale yalikuwa yamejaa ua mzima kati ya nyumba zile mbili, mtu angenyoosha mkono tu. Lakini baba mdogo alipoelezwa, alisema mambo hayo ni ya zamani, sisi sote ni Wakristo, na kama kaka ana tatizo aje wazungumze kama watu wazima.

Kwa hiyo kila Krismasi walichinjwa mbuzi wawili. Mmoja nyuma ya nyumba ya zamani, mwingine mbele ya nyumba ya vigae, moto huku na moto kule, na moshi wa huku ukienda kule bila kuombwa. Aliyeumia ni bibi. Hakuwa na meno ya kutosha mbuzi mmoja, lakini ilibidi ale wa kila mwana, na ale kwa kiasi kilekile, wote wakimtazama. Akimaliza huku, anaongozwa kwa mkono kwenda kule kuanza upya.

"Nimekula mbuzi wawili," aliniambia mwaka mmoja nikimnawisha mikono, "na sijashiba."

Desemba ninayoisimulia, bibi alikuwa hainuki tena bila kushikwa. Mchungaji alikuwa amekuja kumpa chakula cha Bwana kitandani. Alichoomba hakikuwa dawa. Alitaka kula mbuzi mmoja, kwenye moto mmoja, wanawe wote wawili wamekaa hapo. Alimwambia baba, na baba akasema mlango uko wazi, mwenye jani alilete. Alimwambia baba mdogo, na baba mdogo akamnunulia blanketi.

Na katika hali hiyo, baba mdogo akatangaza tamasha.

Lilikuwa la mchana, Jumamosi ya kabla ya Krismasi, kwenye bustani ya hoteli, na tangazo lake lilibandikwa kila nguzo kutoka mjini mpaka Kiboriloni. Wazungu wa violini wangefungua. Bendi ya jazz ingefunga. Katikati, kama kipande cha nyama kati ya mikate miwili, aliweka matarumbeta ya usharika wa kwetu, kwa sababu mgeni mmoja wa Kizungu alikuwa amemwambia kwamba matarumbeta yale ni hazina. Mtu hazioni hazina za kwao mpaka aonyeshwe na mgeni. Hakumwendea baba. Alimtuma mwinjilisti, na wazee wa kikundi wakakubali, maana walikuwa hawajawahi kupiga mbele ya watu waliokaa.

"Nitakwenda kwa ajili ya wenzangu," baba alisema. "Nitapiga, nitaondoka. Kusalimia sisalimii."

Siku ilipofika nilikaa mstari wa mbele na bibi, aliyeletwa kwa gari la baba mdogo na lile blanketi lake. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Ulikuwa na akili kutushinda.

Violini zilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa kinyongo, kwa sababu baba mdogo alikuwa amesimama pembeni akitikisa kichwa kama aliyezitunga yeye. Watu walipiga makofi pasipostahili, kama kawaida, na mama mmoja wa Dar nyuma yangu alimweleza mwenzake kwamba Ulaya wanapiga haraka zaidi. Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Huyu mwenye kubwa katikati ya magoti," aliniambia, "ndiye pekee anayefanya kazi."

Kisha vikapangwa viti vya matarumbeta, na nikaona mapambo.

Baba mdogo alikuwa amekuja na mpambaji kutoka Dar, dada mmoja mwenye mkasi mdogo kiunoni. Alikuwa ameagizwa atafute majani ya kijani ya huku kwetu, yasiyonyauka upesi. Akaleta masale. Yalisimama kwenye ndoo pande zote za jukwaa, na kwenye mgongo wa kila kiti alikuwa amefunga jani moja, kwa fundo. Tena fundo lenyewe lilikuwa lile lile la wazee, limekunjwa mara moja na ncha zimeelekea chini. Nilishika mdomo nisicheke kwa sauti. Mtu aliyekataa kupeleka jani moja hatua chache alikuwa amelipia kubeba nusu ya ua mpaka mjini.

Wazee walipanda jukwaani na vyombo vyao, wamevaa makoti yanayonuka kabati. Hawakukaa. Wa kwanza aliona jani kwenye kiti chake akasimama. Wa pili akagongana naye. Wakabaki wamesimama nyuma ya viti, kila mmoja na tarumbeta lake kwapani, wakinong'ona Kichagga. Watu wa Dar walidhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi. Lakini waliotoka kwetu, waliokaa huko nyuma kwenye nyasi, walinyamaza, na wanaume wawili watatu wakavua kofia.

Baba alifungua jani la kiti chake. Alilishika mkononi pamoja na tromboni, akateremka jukwaani, akaja moja kwa moja mpaka aliposimama mdogo wake na maiki.

Nikajua kinachokuja, na naungama kwamba moyo wangu ulifurahi vibaya. Baba mdogo angesema ni mapambo tu. Angelisema kwenye maiki, bustani nzima isikie, na baba angeaibika mara ya pili kwa spika zilezile. Niliinuka nimwahi baba, nimwambie aachane na mjinga huyu. Mkono wa bibi ukanishika kifundo cha mkono. Sikujua bado una nguvu hiyo.

"Kaa," alisema.

"Nimepokea," baba alisema.

Baba mdogo alitazama jani. Alitazama viti, ndoo, wazee waliosimama, watu wa kwetu kule nyuma. Alikulia kwenye ua ule. Aliweza kusahau Kichagga, lakini lile fundo alilijua. Nikaona maiki inapanda mdomoni, nikaona mdomo unafunguka, na mama wa Dar nyuma yangu akauliza kuna nini. Kisha maiki ikateremka. Baba mdogo aliiweka chini kwenye nyasi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla wala baada, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," baba alisema.

Nilikasirika. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau yule mtu maisha yangu yote, nina sababu zote mkononi, na yeye akaninyang'anya kwa neno moja ambalo kila mtoto wa kwetu analisema kila asubuhi. Nikageuka kumtazama bibi. Alikuwa anajifuta macho kwa blanketi jipya na kulalamika kwamba linawasha.

Matarumbeta yalipiga. Sitasema yalipiga vizuri. Tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, ilitangulia, baba aliishiwa pumzi katikati ya ubeti wa pili, na wimbo wenyewe ulikuwa ule uliokatizwa kaburini, ambao si wa kupigia watu wenye bia. Waliumaliza. Walifika mwisho kabisa, noti ya mwisho ikakaa mpaka ilipochoka yenyewe, na safari hii hakuna aliyejua lini apige makofi, hata Wazungu. Bendi ya jazz ilipopanda, bibi alimtazama mpuliza saksafoni wangu kwa muda mrefu.

"Huyu anapuliza kama anayepoza uji," alisema. Akaomba arudishwe nyumbani.

Krismasi ile palichinjwa mbuzi mmoja. Moto uliwashwa nyuma ya nyumba ya zamani, na baba mdogo alikuja na suruali yake nyeupe, akakaa kwenye gogo, akaichafua. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ilizunguka kutoka kwake kwenda kwa baba. Waliongea machache, zaidi juu ya mvua na bei ya kahawa. Bibi aliwekwa katikati yao, akala mpaka akasema basi, kisha akala tena.

Baadaye baba mdogo alipokwenda kuwaita watoto wake, nilichuchumaa karibu na baba. Dharau ilikuwa bado inaniwasha, na nilitaka mtu wa kuigawana naye.

"Baba," nilimwambia kwa sauti ya chini, "unajua yale masale yalikuwa mapambo tu? Hakukuomba msamaha. Yule dada alitafuta majani yasiyonyauka, basi."

Baba alikuwa anakata nyama. Hakuinua kichwa.

"Ijumaa walikuja kwenye ua na mkasi," alisema. "Mkasi wa nguo, mwanangu. Kwa masale. Niliwatazama mpaka nikaona aibu. Mimi ndiye niliyewapa panga."

Upande wa pili wa moto bibi alikuwa anatafuna, anatutazama.

"Yule dada akaniuliza atayafungaje yasiteleze kwenye viti," baba alisema. "Nikamwonyesha."

Akarudi kumkatia mama yake nyama, vipande vidogo vidogo vya mtu asiye na meno.