Visu vya Kukunja vya Bibi Bhoke

Juzi, dukani kwangu hapa Nkende, kijana wa bodaboda alichomoa kisu cha kukunja akate kamba iliyokuwa imefunga gunia la pumba. Tak! Nikageuka haraka hata chenji ikanimwagika. Kijana akaniomba radhi, akidhani amenitisha. Hakunitisha. Alikuwa amenirudisha Mbalibali, uani kwetu, kwa bibi ambaye mikono yake haikujua kutulia.

Bibi Bhoke ndiye aliyemuoa mama yangu. Msomaji usishangae, kwetu Wakurya jambo hilo lipo tangu enzi. Mumewe alikufa bila mtoto wa kiume, naye akatoa ng'ombe, akaoa mke wa kuendeleza jina la mji. Mama akazaa wasichana, tena wasichana watupu, na mimi ndiye mkubwa wao. Mji wetu basi ulikuwa na zizi la ng'ombe na hakuna mwanamume hata mmoja, na hilo liliwawasha watu ambao hata halikuwahusu.

Visu vilitoka kwa Chacha, mtoto wa dada yake bibi, dereva wa kambi ya wageni huko hifadhini. Wamarekani walikuja na visu vizuri mifukoni, na siku ya kurudi, kwa kuwa havipandi ndege na abiria, wakamwachia dereva. Chacha akamletea mama yake mdogo. Kimoja kilikuwa na mpini wa pembe ya swala wa kwao, kingine wa mti mwekundu uliopigwa misumari ya shaba. Nilichokipenda mimi kilikuwa cheusi, kizito, chenye chuma cha kukibana kwenye nguo, na chini ya ubapa herufi za USA ndogo kama mayai ya chawa. Bibi hakujua kusoma ila hizo alizijua, na mtu akimletea kisu kisicho nazo alikirudisha. Vya kwingine, alisema, vinalegea kiuno, pale vinapokunjikia.

Alivipaka mafuta ya cherehani, akavipanga kwenye kopo la maziwa, na kile cheusi akakibana kwenye pindo la kanga. Harufu ya mafuta yale ilimfuata kila aendako. Na alienda! Alizunguka zizi, akaenda njiani, akarudi, akakaa, akainuka ugali ukiwa nusu, huku kidole gumba kikifungua na kufunga. Tak, tak. Mama alimwambia, "Mama, tulia basi, unatutia kizunguzungu." Bibi akajibu kwamba atatulia akifa. Sisi watoto tulidhani anacheza, nami nilikufa kwa hamu ya kucheza mchezo huo. Hakuniruhusu. Hata kukigusa, kwa kuwa kwetu kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono, kinawekwa chini na mwenzako anakiokota, na bibi hakukiweka chini mbele yangu hata siku moja.

Kisha akaja mzee Marwa, mdogo wake marehemu babu, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Tulipiga magoti, shikamooni, marahaba, wakakaa. Marwa hakuficha alichofuata. Alisema mji usio na mwanamume ni mji uliolala, na ng'ombe wa kaka yake wahamie zizini kwake. Bibi akasema mgeni hasemi na njaa. Jirani akaitwa akachinja mbuzi.

Sasa hapa unielewe. Kwetu kuchinja anachinja yeyote, lakini nyama ikishaiva, anayeikata na kuigawa uani ndiye mwenye mji. Bibi alifungua kisu cheusi, akakiweka kwenye jani la mgomba karibu na mbavu, akainama kunawa. Marwa akakiokota. Akaanza kukata, akimpa huyu, akimpa yule, taratibu, kama aliyezaliwa pale. Mama akaacha kupumua. Wazee wakapokea huku wakiangalia chini, maana mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, nani atabisha? Niliona mji wetu unaondoka, kipande kwa kipande, na bibi amesimama tu, maji yakimdondoka mikononi.

Marwa alipomaliza alitaka kukikunja akitie kwenye koti. Kisu kikagoma. Akakisukuma kwa kiganja, hakuna. Akakigonga gotini. Hakujua kwamba ndani ya mpini kuna kibati kinachoushika ubapa, lazima ukisogeze kwa gumba. Jasho likamtoka. Mzee mmoja, mdomo umejaa nyama, akamuuliza kama anayemsemesha kijana mdogo, "Mura, kimekuuma?" Mwenzake akapaliwa kwa kicheko. Marwa akakiweka chini.

Bibi akakiokota. Tak. Kikafungwa.

"Shemeji," akasema, "hiki kina mwenyewe."

Mzee mkubwa akajifuta mdomo. "Marwa, umegawa nyama kwa kisu usichoweza kukifunga. Rudisha hiyo nyama kwenye jani, mwenye mji agawe."

Ikarudishwa. Bibi akafungua, akagawa upya, akaanza na Marwa na kumpa ubavu mnono. Habari ya ng'ombe haikutajwa tena, na jua halijatua wageni wetu walishaondoka.

Kipande chake yeye kilibaki kwenye jani. Alikuwa ameshakunja kisu, akataka kukifungua tena akikate, gumba likateleza. Akajaribu tena. Mikono ile iliyofungua na kufunga siku nzima mbele ya wanaume ikashindwa. Akakiweka kisu chini, mbele yangu.

Nilikiokota, nikakifungua kwa mkupuo mmoja, nikacheka kwa sauti. Nilidhani bibi amechoka, na kwamba ile ndiyo siku bora ya maisha yangu. Hofu sikuijua. Sikujua kwamba zile tak zote za njiani na zizini ni mama mmoja mzee aliyekuwa akiwaambia wapitao kwamba mji huu haujalala, huku yeye mwenyewe usingizi umemtoroka miaka.

Bibi ametulia sasa, kama alivyoahidi. Kisu cheusi kiko mkobani mwangu. Nina duka, nina mabinti, na mume wangu hayupo. Jioni, kabla sijafunga mlango, mkono unaingia mkobani wenyewe. Tak, tak. Wanangu wanadhani nacheza.