Mgonjwa Juu ya Sakafu ya Kioo

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Tabasamu, maana neno hilo ndilo lililomtoka mdomoni kutwa nzima, kamera usoni, mbele ya lango la ngome kongwe. "Tabasamu, baba! Tabasamu, watoto! Huyo mkubwa mbona kanuna?" Wageni waliokuja kuutembelea mji waliegemea mizinga yenye kutu, wakapigwa picha, na walipokuwa wakitoka waliikuta picha yao tayari, bado ina joto la mashine. Haikuwa kazi mbaya. Adui zake walikuwa wawili tu: jua, na watu wanaofumba macho.

Nyumbani ndiko hakukuwa na la kuchekesha. Mama yake aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Daktari alisema mfupa utaunga na atatembea, lakini mfupa ulipounga mama akasema miguu imekataa. Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Tabasamu, mtoto wa pekee, alimgeuza, akamwosha, akambadilishia shuka, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, na mwili wa mama ulikuwa mzito mikononi mwake kama gunia la chumvi. Kisha alimkabidhi kwa jirani, Mama Mapacha, mjane mwenye maneno mengi na moyo mwema, aliyekaa naye mpaka jioni.

Palikuwa na mwanamume pia. Fundi wa majokofu, mpole, aliyekwisha kuleta posa. Akapata kazi mji mwingine, akamwambia twende. "Mama nimwachie nani?" Tabasamu akamuuliza. Fundi akasubiri, akasubiri. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini naye ni binadamu. Mwishowe alioa kwingine. Siku habari ilipofika Tabasamu alilia jikoni, bomba la maji kalifungulia mpaka mwisho ili mgonjwa asisikie.

Asubuhi ya mkasa wenyewe, bosi alimpigia simu akiwa njiani. Mpigapicha wa mnara mpya ameamka na jino, shavu limevimba kama andazi. "Leo usiende ngomeni. Panda mnarani."

Mnara ule ulikuwa fahari ya mji, wa chuma na kioo kitupu, na lifti yake ilipaa hadi masikio yakaziba. Huko juu kabisa walikuwa wameweka kipande cha sakafu ya kioo. Ukisimama pale, magari yanapita chini ya nyayo zako kama siafu. Tabasamu hakuwahi kufika. Alishika ukuta kwa mikono yote miwili, na mlinzi wa lifti akamcheka.

"Usitazame chini, dada. Watazame wageni, hao watakusahaulisha."

Kweli walimsahaulisha. Jibaba moja lenye kifua kama kabati lilivuka kioo kwa magoti, likiomba Mungu kwa sauti. Mwali mmoja alimtanguliza mumewe. Tabasamu akaanza kuchangamka, mikono ikamrudia, akawa anacheka nao.

Ndipo katika kioo cha kamera akaona gauni.

Lilikuwa la kijani, lenye maua meupe, na alilijua hata mshono wa kwapani. Alikuwa amelikunja kwa mikono yake mwenyewe akaliweka chini kabisa ya sanduku, akijua mwenye gauni hatalivaa tena. Na sasa limevaliwa. Mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya kioo, miguu kaipanua, mikono kiunoni.

Kisha akaruka. Akatua, akaruka tena, kama mtoto anayejaribu godoro jipya.

"Dada, acha wazimu!" Mama Mapacha alipiga kelele kutoka ukutani, macho kayaziba kwa viganja. "Kitavunjika hicho!"

"Kivunjike! Makumbusho tumeona, samaki wa kwenye kioo tumewaona, soko la zamani tumelimaliza. Imebaki ngome tu, na huko unajua hatuwezi kwenda."

Tabasamu alitaka kusema lile neno lake la kila siku, ulimi ukagoma. Kidole ndicho kilichobonyeza chenyewe. Mwanga ukamulika, mama akageuka akicheka, na kicheko kikamganda usoni.

"Wewe si uko ngomeni?" mama alisema.

"Na wewe si uko kitandani?"

Wageni waliopanga foleni wakaangua kicheko, wakidhani ni mchezo wa pale pale. Mama alitazama huku na huku, akashika nyonga, akaanza kuchechemea kuelekea ukutani. Hilo ndilo lililomuumiza binti kuliko kule kuruka.

"Usichechemee, mama. Nimekuona."

Wakakaa kwenye benchi kando ya lifti. Mama Mapacha alikuwa kashateremka. Kwa woga wa kioo au wa aibu, mwenyewe anajua.

"Tangu lini?"

"Tangu masika yale."

"Masika ya mwaka jana? Mama, leo asubuhi nimekuosha. Nimekukata kucha za miguu."

Mama alitazama kucha zake ndani ya viatu vya wazi.

"Siku niliyosimama mwenyewe, wallahi nilitaka kukuita," alisema. "Nikakusikia jikoni, unaongea na yule fundi kwenye simu. Ukamwambia, mama akipona tu, nakuja. Nikarudi kulala."

Tabasamu alisikia masikio yakiziba, kama vile lifti inapanda tena.

"Nilisema siku mbili tatu tu. Nizoee kwanza kwamba utaondoka. Siku zikazaa siku. Halafu kitanda kikanichosha, mwanangu. Nimezaliwa mji huu, watu wanatoka mbali kuja kuuona, na mimi naijua njia ya sokoni na ya hospitali. Ndiyo tukaanza kutoka na Mama Mapacha, wewe ukienda kazini."

"Fundi ameoa, mama."

"Najua. Nilikusikia ukilia."

"Bomba lilikuwa wazi."

"Nilikusikia."

Tabasamu akamtazama mama yake kama mtu anayetazama nyumba yake na kukuta mlango ambao hakujua upo. Alitafuta tusi, hakulipata. Alitafuta chozi, nalo likakataa. Mlinzi wa lifti akachungulia akasema wageni wamejaa. Tabasamu akainuka, akarudi kazini. Picha zote za mchana ule zilitoka na ukungu, na bosi akafoka mpaka akachoka.

Jioni alikuta kitanda kimetandikwa, sakafu imedekiwa, chakula mezani. Hakukigusa. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amepanga chumba ghorofa ya nne, juu ya duka la vitambaa.

Mtaa ukamsema. Ana moyo wa jiwe, kamtelekeza mama yake kiwete! Tabasamu hakujitetea, hakuwa na nguvu hizo. Aliyemtetea ni mama. Alijifunga kanga, akatoka mlango hadi mlango, kwa miguu yake, mchana kweupe. "Nitazameni, mimi mzima," aliwaambia. "Mwenye kosa ni mimi. Mwanangu msimguse." Wengine walimcheka, wengine walimzomea, na mmoja alimfungia mlango usoni. Alikwenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa mtaa. Mama Mapacha ndiye aliyemsimulia Tabasamu, akilia na kucheka kwa pamoja.

Jumapili moja mlango wa ghorofa ya nne uligongwa. Mama alikuwa amesimama nje, hata hakuhema.

"Sikuja kukurudisha," alisema. "Nimekuja kuona unapolala."

Tabasamu alimkaribisha, akampa kiti, kimoja tu alichokuwa nacho, mwenyewe akakaa kitandani. Macho yake hayakuacha kuitazama ile miguu. Walizungumza habari za kodi, na za kelele za cherehani huko chini, na za dirisha lisilofungika. Habari ya fundi hakuna aliyeigusa. Mama alikunja kipande cha boksi, akapanda juu ya kiti, akakishindilia kwenye dirisha mpaka likakaza.

"Teremka, utaanguka!" Tabasamu alisema kwa ukali, na mkono wake tayari umemshika mama kiunoni.

Mama akateremka taratibu. Mkono haukuondoka upesi.