"Ndiyo Mwalimu" Niliyoitika Dirishani

Nilimsikia mwalimu akifundisha darasa tupu.

Sikuwa naota. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa nne 2020, shule zote zimefungwa kwa korona. Madawati matupu, na mwalimu Raphael anauliza, "Nani atakuja ubaoni?"

Nikashika rozari yangu mfukoni. Nikasema maskini, kijana wa watu kachanganyikiwa.

Kumbe simu kaiegemeza kwenye kopo la chaki, anajirekodi. Video zinatumwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, watoto wasome nyumbani.

Mimi ni mpishi wa shule hiyo ya binafsi, hapa Morogoro. Mjane, niliishia darasa la saba. Wapishi tulikuwa watano. Mkurugenzi, Madam Magdalena, akawarudisha wanne nyumbani, mimi akaniacha nifanye usafi.

"Ila nikikukuta umekaa bure, na wewe safari," aliniambia.

Basi sikukaa. Nilifagia palipofagiliwa. Sufuria safi nikazisugua tena. Honi ikilia getini, moyo paa! Nikiinua macho naona wingu limeshika Uluguru, nakumbuka kule juu kwetu nimebakiwa na migomba michache na kaburi la mume wangu.

Siku moja nafagia chini ya dirisha la darasa la sita. Raphael anafundisha hesabu za sehemu, nusu jumlisha theluthi. Akamaliza kama walimu wote wanavyomaliza.

"Tumeelewana?"

Jamani, mdomo ulijibu wenyewe. "Ndiyo mwalimuuu!"

Akachungulia dirishani, anacheka mpaka machozi. "Mama Tomasi! Kumbe nina mwanafunzi? Haya, jibu ngapi?"

"Mbili juu ya tano."

"Sasa mama, si umesema umeelewa?"

Aibu ikanishika. Uongo ni uongo hata ukiuitika kwa sauti nzuri. Nikamwambia ukweli.

"Mwalimu, miaka saba niliitika ndiyo bila kuelewa. Tulikuwa tunaitika wote ili tutoke. Na hao wako wa kwenye simu, unadhani wameelewa? Wanakupanga tu."

Tukacheka. Akachukua simu, akatuma video haraka haraka bila kuirudia.

Kumbe muda wote tunaongea, simu ilikuwa inarekodi.

Saa nane gari la Madam likaingia. Akaja jikoni moja kwa moja, simu mkononi, sauti yangu inatoka humo: wanakupanga tu.

Nikajua leo nimeisha.

"Wazazi arobaini wamekusikia! Mmoja ananiuliza kama siku hizi watoto wanafundishwa na mpishi!"

"Nisamehe, Madam."

"Vua aproni."

Nikaanza kufungua kamba. Fundo limegoma. Moyoni nasali Salamu Maria, napotea katikati, naanza upya.

Simu yake ikalia. Ujumbe wa sauti, kwenye grupu lile lile. Akaubonyeza kwa hasira.

"Mwalimu, hata mimi sijaelewa. Tangu tuanze sehemu huwa naitika tu."

Madam akaganda. Sauti ile hata mimi naijua, nimeipakulia uji miaka sita.

Ilikuwa ya Shukuru, mwanawe wa kumzaa, anayeitikaga kuliko darasa zima! Katuma kwa simu ya baba yake.

Ikaingia sauti nyingine. Na nyingine. Watoto kumi na mmoja.

Madam akakaa kwenye kigoda cha kumenyea viazi.

"Funga aproni yako," akasema mwishowe. "Kesho uingie darasani, ukae mbele. Usipoelewa, sema."

Kesho yake niliingia na mkate na kisu. Raphael akakata nusu, akaongeza theluthi. Nikaona kwa macho yangu: mtu mwenye nusu, akiongezewa, atabakije na pungufu ya nusu? Mbili juu ya tano yangu nikaicheka mwenyewe.

Wazazi wenzangu, mtoto akikwambia ameelewa, usiishie kumsifu. Mpe kalamu akuonyeshe.

Mimi siku hizi hata kanisani, padre akiuliza "Tumeelewana?" wenzangu wanaitika.

Mimi nanyoosha mkono.