Mahema Matupu ya Mwajabu

Watu wa "tupo njiani" siwapendi, na sitaki mtu anishauri niwapende. Walichomfanyia jirani yangu Mwajabu nilikiona kwa macho yangu, maana kati ya kwake na kwangu kuna ua wa makuti tu.

Mwajabu ana uwanja wa kambi hapa Chamazi, aliourithi kwa baba yake: majani mazuri, mikorosho ya kivuli, choo safi. Kwaya za vijana, skauti na watu wa maofisini huja kulala kwenye mahema mwisho wa wiki. Yaani, husema watakuja. Hupiga simu kwa sauti tamu, "Mama, tushikie Jumamosi," naye anafyeka, anasimamisha mahema, anajaza mapipa maji. Siku ikifika, simu zimezimwa. Akikutana nao baadaye wanacheka tu, eti ratiba ziliingiliana.

Nilimwambia aache kushikia watu nafasi, anayewahi ndiye apewe. Akanijia juu.

"Mie nikisema nimesema, Naima. Wao wakikosa, mie nisikose."

Kilicholizidi neno lake kilikuwa kimoja, msiba. Nyumba zetu zimebanana, kwa hiyo mtu akifiwa, turubai lilifungwa kwa Mwajabu, awe Mwislamu au Mkristo. Hakuna aliyewahi kuomba. Unampa taarifa, anafungua geti.

Masika ya mwaka juzi akafariki Ansbert, fundi seremala, mume wa Tekla wa nyumba ya tatu. Uani kwa Tekla maji yalifika magotini. Jumamosi asubuhi akamtuma shemeji yake, Allen, kumwambia Mwajabu kwamba mwili ungeagwa uwanjani mchana. Mwajabu akageuka, akayatazama mahema aliyoyasimamisha kwenye mvua. Siku hiyo alikuwa amelishikia nafasi kundi la kijana mmoja wa mjini, Venance, na muda mfupi kabla ya hapo Venance alikuwa amepiga: "Mama, tupo njiani, tumeshafika Mbagala."

"Nimeshatoa neno, kaka," Mwajabu akamwambia Allen. "Nikiwafukuza watu waliofika Mbagala, nina tofauti gani na wanaonizimia simu?"

Allen akarudi kwa Tekla. Mimi nilisimama upande wangu wa ua, nikitamani kulifungua geti mwenyewe, lakini uwanja si wangu.

Ansbert akaagwa barazani kwake. Jeneza liliwekwa juu ya meza aliyoitengeneza mwenyewe, watu wakapanga foleni ndani ya maji, wanawake wamepandisha kanga. Kutoka pale kila mtu aliyaona mahema ya Mwajabu, yamefungwa zipu, makavu ndani, hayana mtu. Venance hakutokea, na simu yake haikupatikana tena. Mwajabu aling'oa hema moja, akalibeba kichwani hadi kwa Tekla ili watu wajikinge mvua.

"Asante, dada," Tekla akamwambia. "Tumeshaaga. Tunakwenda kuzika."

Hakumtukana. Mtaa mzima haukumtukana. Shikamoo zilibaki, marahaba zikabaki, ila tangu siku ile waliofiwa walifunga turubai barabarani, magari yakizunguka kwingine. Mwajabu alikuwa akisimama getini kuyatazama maturubai hayo, na alikonda.

Mwezi uliopita akafariki mama yake, Bi Raudha. Wanaume wa msikitini walitimiza wajibu wao, wakazika, wakatawanyika. Ndugu wa Rufiji wangefika kesho yake. Mimi na Mwajabu tukatandika mikeka uwanjani kwa ajili ya wanawake, nikawapigia majirani mmoja mmoja. Wote walipokea vizuri.

"Jamani, poleni sana. Tupo njiani."

Njiani wapi? Nyumba ya mbali kuliko zote unaiona ukisimama getini.

Tukakaa. Chai ikapoa sufuriani. Mwajabu hakutoa macho getini, na simu yake ilipolia aliidaka upesi, akidhani ni jirani. Ilikuwa sauti tamu, nami niliisikia kutoka pale nilipokaa.

"Shikamoo, mama! Venance hapa. Tushikie Jumamosi hii, safari hii tunakuja kweli."

Mwajabu aliitazama mikeka, mmoja baada ya mwingine, yote mitupu.

"Nafasi hakuna, mwanangu," akasema. "Kuna watu nimewashikia."

Akakata simu, akarudisha macho getini.